Bia ya stimu ya kopo: mwongozo wa kuionja na kuipa alama ukiwa Arusha au Moshi

Kopo la bia ya stimu linalofika Arusha au Moshi limeshasafiri kuliko bia nyingi zilizomo kwenye friji ya grosari ya mtaani. Limekaa ghalani, limepanda meli au lori, pengine limevuka Namanga au Holili ndani ya boksi lililopigwa na jua, kisha likalazwa stoo chini ya bati. Kwa hiyo ukilifungua una kesi mbili mezani, ya mpika bia na ya safari. Hatua zinazofuata zimepangwa ili kesi hizo zisichanganyike, maana wengi humlaumu mpika bia kwa makosa ya stoo.

Ijue kwanza bia yenyewe

Stimu inayosemwa hapa si ile ya mtaani. Jina limetoka San Francisco, Marekani, karne ya 19. Hamira ya laga hupenda baridi, kama nyuzi 7 hadi 13, na barafu haikuwepo. Wapika bia wakaichachusha hamira hiyohiyo kwenye joto la juu zaidi, na hadi leo mtindo huu huchachushwa kwenye nyuzi 13 hadi 18 hivi. Kuhusu neno lenyewe kuna maelezo mawili: mvuke uliopanda kutoka kwenye masinia mapana ya kupozea juu ya mapaa, au gesi kali iliyofoka pipa lilipotobolewa. Chagua unalolipenda.

Kiwanda kilichoubeba mtindo huu ni Anchor, kilichoanza mwaka 1896. Fritz Maytag alikinunua mwaka 1965 kikiwa taabani, akaanza kuitia bia hiyo kwenye chupa mwaka 1971, na mwaka 1981 neno Steam likasajiliwa kuwa alama yake ya biashara. Ndiyo sababu viwanda vingine huandika California Common kwenye makopo yao, na ndilo jina utakaloliona mara nyingi. Anchor yenyewe ilifungwa mwaka 2023, ikanunuliwa na Hamdi Ulukaya, mwenye kampuni ya mtindi ya Chobani, mwaka 2024.

Kabla hujaonja, shika vipimo hivi kichwani. Kilevi ni asilimia 4.5 hadi 5.5. Uchungu ni 30 hadi 45 kwa IBU, kipimo cha uchungu wa bia, yaani unasikika wazi bila kukaba. Rangi ni ya kaharabu hadi shaba isiyokolea, kama chai ya rangi nyepesi ukiinyanyua dirishani. Bia iwe angavu, si ya ukungu. Kimea kinuke ganda la mkate na sukari iliyounguzwa kidogo, kisifike kwenye kahawa wala mkaa. Hopsi ni maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Ya jadi ya mtindo huu ni Northern Brewer, na harufu yake mtu wa Kaskazini anaijua bila kufundishwa: ni mbao ya paini iliyotoka kupasuliwa, na mnanaa kwa mbali. Mwisho wa funda uwe mkavu, uchungu ubaki ulimini, utake kumeza tena.

Aliyekulia Uchaggani ana mzani mwingine wa kuanzia. Katika mbege uchungu unatoka kwenye gome la msesewe, na hapa kazi hiyo inafanywa na hopsi. Ufanano unaishia hapo. Ukungu, uchachu na harufu ya ndizi, ambavyo mnywaji wa mbege anavitafuta, kwenye bia ya stimu vyote vitatu ni makosa. Uweke ulimi sawa kabla ya kuanza.

Kagua kopo likiwa limefungwa

Geuza kopo usome chini yake. Tafuta tarehe, kisha ujue ni tarehe gani: ya kufungashwa au ya mwisho wa ubora. Viwanda vidogo vingi huandika ya kufungashwa, na muuzaji asiyejua huisoma kama ya kuisha muda, akakuuzia kwa bei ya kutupa. Hapo umeokota dodo chini ya mnazi. Kinyume chake pia hutokea: ya kuisha muda inasomwa kama ya kutengenezwa, na unalipia bia iliyozeeka.

Tarehe peke yake haitoshi, joto ndilo linalozeesha bia. Wapika bia wana kanuni ya kukadiria: siku 3 kwenye nyuzi 32 zinaharibu sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, na sawa na siku 300 kwenye nyuzi 3. Haina usahihi wa mizani ya dukani, lakini inakusaidia kukisia. Kopo lililolala wiki moja Februari kwenye duka la bati pale Moshi limezeeka kuliko lililokaa miezi minne kwenye friji ya Njiro. Muulize muuzaji lilikuwa wapi kabla ya kuingia friji. Akisema "limekuwa friji siku zote," na boksi liko nyuma yake limepauka kwa jua, umeshajibiwa.

Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa juu na wa chini. Kopo lililobonyea ubavuni halina neno. Lililobonyea kwenye ukingo, pale mfuniko unapobanwa, laweza kuwa linavujisha gesi na kuingiza hewa, kwa hiyo liweke kando. Lililovimba limegandishwa, au bia inaendelea kuchachuka ndani. Usilitikise wala usilifungue usoni. Ukikuta utepe mkavu wa kunata umeteremka ubavuni, usihangaike nalo.

Kama limekuja kwa basi au kwenye buti la gari, lisimamishe wima kwenye friji saa 24. Gesi itatulia, na chembechembe za hamira, kama zipo, zitakaa chini.

Glasi, baridi na meza

Usionjee kwenye kopo. Mdomo wa kopo unaiacha pua nje, na hukumu kubwa ya bia inatolewa na pua. Tumia glasi angavu yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo. Ya mvinyo inafaa sana. Bilauri ya plastiki isikaribie meza hii.

Glasi nyingi za nyumbani na za baa zina mafuta yasiyoonekana. Osha kwa sabuni kidogo isiyo na manukato, suuza mara tatu kwa maji safi, iache ikauke yenyewe ikiwa imeinamishwa. Usiifute kwa kitambaa, maana vitambaa vya jikoni vinanuka samli na vitunguu. Ili kujua kama imetakata, ilowanishe kisha nyunyizia chumvi ndani. Chumvi ikishika pande zote sawasawa, ni safi. Ikiacha mabaka, rudia kuosha.

Joto la kuonjea ni nyuzi 7 hadi 10. Ile baridi ya kuumiza meno tunayoipenda kwenye laga ya kawaida inafunika harufu yote na kukufanya uisamehe bia mbovu. Kopo likitoka kwenye friji ya nyuzi 4, liache mezani kama dakika 15 jioni ya Julai pale Arusha, au dakika 10 mchana wa Moshi. Kama huna friji, ndoo ya maji na barafu inapoza kopo kwa dakika 20 hivi, na chumvi gao moja ikiongezwa inaharakisha. Usiliweke kwenye friza ukalisahau.

Onja asubuhi kati ya saa 4 na saa 6, kabla ya chakula cha mchana, ulimi ukiwa haujachoka. Usinywe kahawa, usile pilipili wala kuvuta sigara saa moja kabla. Marashi na udi viache kwenye chumba kingine. Rangi ya midomo na mafuta ya mdomo huua povu, kwa hiyo futa kabla. Weka mezani maji ya kunywa yasiyonuka klorini, mkate mweupe usiopakwa kitu, karatasi nyeupe na kalamu. Bia tatu au nne kwa kikao kimoja zinatosha, kila moja mililita 100 hadi 150. Anayeendesha gari au bodaboda, na aliye chini ya miaka 18, hayumo kwenye kikao.

Kufungua na kumimina

Futa mfuniko kwanza. Kwenye maghala makopo huwa sakafuni, na panya hawaombi ruhusa.

Fungua ukisikiliza. Mlio mkavu wa haraka ni dalili nzuri. Kimya ni dalili ya gesi iliyotoroka. Povu likifoka lenyewe, usiandike kosa bado: huenda kopo lilikuwa la moto au lilitikiswa. Fungua la pili lililotulia saa 24. Nalo likifoka, shuku vijidudu ndani ya bia.

Inamisha glasi kidogo, mimina ubavuni hadi nusu, kisha isimamishe umimine katikati mpaka povu lifike sentimita 2 au 3. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi mjini mita 800 na ushee. Hewa ya juu ina mgandamizo mdogo, gesi inatoka kwenye bia kwa pupa kidogo kuliko Dar es Salaam au Tanga. Mimina polepole zaidi, na usimkate mpika bia alama kwa povu lililotokana na mlima. Bakiza kidole kimoja cha bia chini ya kopo ili masimbi yasiingie kwenye glasi.

Kabla povu halijatua, peleka pua. Kuna harufu nyepesi, hasa za kiberiti, zinazoruka ndani ya nusu dakika. Ndipo urudi kutazama.

Tazama kwa mwanga wa dirisha, karatasi nyeupe nyuma ya glasi. Taa za rangi za baa zinadanganya. Povu la bia ya stimu ni jeupe lenye umanjano kwa mbali, linakaa, na linaacha utepe kwenye glasi kila unapokunywa. Mapovu yakishika ukutani mwa glasi kama ya sabuni, glasi ni chafu. Ukungu ukionekana, pasha glasi kwa viganja: ukitoweka ulikuwa wa baridi tu, ukibaki ni hamira au kitu kibaya zaidi.

Na usiiache glasi juani. Kopo halipitishi mwanga hata chembe, ndiyo sifa yake kubwa, lakini bia ikishamiminwa jua linaweza kuifanya inuke kicheche ndani ya dakika chache. Ukiikuta harufu hiyo, jilaumu wewe na meza yako ya bustanini.

Pua, halafu mdomo

Nusa kwa pumzi fupi mbili tatu, si moja ndefu, kwa sababu pua huzoea haraka. Kisha funika glasi kwa kiganja, izungushe mara tano, fungua, nusa tena. Andika neno la kwanza lililokujia hata kama ni la ajabu: "stoo ya shule," "ganda la chungwa." Utalifasiri baadaye. Pua ikichoka, nusa mkono wa shati lako mwenyewe kisha urudi.

Unachotafuta ni hopsi na kimea kwa pamoja, hopsi ikiwa mbele kidogo. Tunda kwa mbali linaruhusiwa. Siagi hairuhusiwi kabisa.

Funda la kwanza ni la kusafisha njia, usilihukumu. La pili, kama mililita 15, lizungushe mdomoni sekunde tano na ulimeze. Bia haitemwi kama mvinyo wa mashindano, maana uchungu unakamilika baada ya kumeza. Ukishameza, funga mdomo na utoe pumzi kwa pua. Hapo ndipo harufu za nyuma zinapojitokeza, na makosa mengi yaliyojificha hukamatwa wakati huo.

Kisha hesabu kimoyomoyo hadi 20. Uchungu mzuri unapungua taratibu na kuacha kimea nyuma yake. Usiuchanganye na ukakasi. Uchungu unakaa kwenye ladha, ukakasi unakausha fizi na kukunja ulimi, kama umeuma ganda la ndizi mbichi au umekunywa chai iliyochemshwa na majani yake nusu saa. Watu wengi wakisema bia "kali" wanazungumzia kimoja kati ya hivyo viwili bila kujua kipi. Tafuna kipande cha mkate, kunywa maji, kisha rudia funda. Ukakasi utarudi uleule, uchungu utaonekana umelegea.

Acha theluthi ya glasi isimame dakika 15, uionje tena ikiwa imepata joto. Bia nzuri inafunguka. Bia yenye kosa inalitangaza.

Kosa ni la nani?

Makosa ya chunguni ni haya. Siagi au bisi, pamoja na utelezi juu ya ulimi, ni daiasetili: hamira iliondolewa au kupozwa kabla haijamaliza kazi yake, au vijidudu viliingia. Mahindi ya kuchemsha au kabichi ni dalili ya kuchemsha kusikotosha, au kupoza taratibu mno. Tufaa bichi ni bia iliyotolewa ikiwa changa. Ndizi mbivu inatokana na hamira iliyochachushwa kwenye joto kupita kiasi, na mtindo huu unacheza karibu sana na mpaka huo, kwa hiyo ichunguze kwa makini: ikiwa unaisikia baada ya kuambiwa tu, iache. Karafuu, plasta ya kidonda au dawa ya hospitali ni hamira ya mwituni au klorini iliyokuwa kwenye maji ya kupikia. Siki au maziwa mgando ni vijidudu. Ukakasi mara nyingi hutoka kwenye maji ya moto mno yaliyosuuza makapi ya kimea. Kiberiti ni desturi ya hamira ya laga. Ikitoweka ndani ya dakika mbili usiipigie kelele.

Ladha ya chuma inahitaji kipimo chake. Paka tone moja nyuma ya kiganja, sugua, nusa. Ikinuka sarafu, chuma kimo kwenye bia, na chanzo ni maji au vyombo vya kiwandani. Usilitie kopo hatiani haraka, kwa kuwa ndani yake limepakwa utando unaotenga bia na alumini.

Makosa ya njiani yana sura nyingine. Hopsi inafifia kwanza: paini na mnanaa vinaondoka, uchungu unapungua makali. Nafasi yao inachukuliwa na utamu wa asali, kisha zabibu kavu, mwisho boksi lililolowa mvua. Mnywaji asiyeijua bia hii anaweza hata kuipenda ikiwa hapo kwenye asali, akasema ni laini. Ni laini kwa sababu imechoka.

Ugumu uko kwenye boksi lililolowa, kwani kosa hilo lina wazazi wawili: hewa iliyoingia wakati wa kujaza kopo, na joto lililoisukuma. Mashine ndogo za kujazia makopo huacha hewa kirahisi kuliko zile kubwa. Kopo moja haliwezi kukuambia ni mzazi yupi. Ndiyo maana kuna jaribio mwishoni.

Kutoa alama

Majaji wa bia wa BJCP, mpango wa Marekani wa kuthibitisha majaji wa bia, hutumia alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na mtazamo wa jumla 10. Angalia mgawanyo huo. Rangi na povu, tunavyovisifia kwanza baa, vina alama 3 tu.

Chukua kopo la mfano: hopsi ipo lakini imefifia, kimea kizuri, harufu 8. Angavu, povu limekaa, mwonekano 3. Uchungu unatosha ila mwisho una asali isiyotakiwa, ladha 13. Mwili wa wastani, gesi sawa, mdomoni 4. Jumla ya mtazamo 6. Hesabu inaleta 34. Kati ya 30 na 37 bia ni nzuri sana yenye kasoro ndogo. Kati ya 38 na 44 ni bora, na 45 kwenda juu ni adimu. Kati ya 21 na 29 imekosea mtindo au ina kasoro zinazoonekana, chini ya 21 kuna tatizo la kweli, na chini ya 14 mimina kwenye migomba.

Andika alama kabla ya kuzungumza na mwenzako. Kukiwa na mzee au mwenye kampuni mezani, yeye asome zake mwisho, la sivyo meza nzima itamfuata kwa adabu. Na alama isomeke na sababu yake: "ladha 13, asali mwishoni" inamsaidia mtu, "ladha 13" haimwambii kitu. Pembeni andika tarehe ya kopo na lilikohifadhiwa.

Jaribio la makopo matatu

Nunua makopo matatu ya boksi moja, tarehe ileile. Mawili yaweke friji. La tatu liweke juu ya kabati la jikoni, au stoo penye joto, siku 14. Siku moja kabla ya kuonja lirudishe friji, ili yote matatu yawe na baridi sawa.

Mwenzako amimine kwenye glasi tatu zinazofanana, mbili kutoka makopo ya friji na moja kutoka kopo la joto, kisha azipange huku huoni. Aziandike chini kwa alama anazozijua yeye. Kazi yako ni kuitaja glasi iliyo tofauti. Kwa kubahatisha tu utapata mara moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia zoezi mara nne au tano, ukiwa na wenzako kadhaa, kabla ya kuamini matokeo.

Mkilitambua la joto kila mara, na yale ya friji yana paini na mnanaa yake, kosa ni la stoo, na mpika bia arudishiwe alama zake. Glasi zote tatu zikinuka boksi lililolowa, hewa iliingia tangu kiwandani, au boksi zima liliungua kabla halijakufikia. Hapo mrudie muuzaji na tarehe ya chini ya kopo mkononi, umuulize mzigo uliingia lini na ulipita wapi. Msiposikia tofauti yoyote na bia ni nzuri, umempata muuzaji anayetunza mzigo. Nunua boksi lililobaki, na uliweke friji siku hiyohiyo.